Baba wa Ukutani

Sina ugomvi na wanasiasa. Ugomvi wangu uko na gundi yao. Msimu wa kampeni ukifika hapa Nachingwea, vijana humwaga unga wa muhogo kwenye ndoo, wakatia maji ya moto, wakakoroga mpaka ukawa uji mzito wa kijivu, halafu hupita na brashi kuukuu wakibandika picha za wagombea kwenye kila ukuta ambao mwenyewe hayupo. Juzi walibandika kwenye ukuta wa duka langu. Nikatoka na ufagio kuwafukuza, na ile harufu ya muhogo wenye uchachu ikanipiga puani. Nikasimama palepale na ufagio mkononi. Wale vijana wakadhani nimewaonea huruma, wakamalizia na kona ya chini.

Haikuwa huruma hata kidogo. Ulikuwa wivu, na nilishangaa kuukuta bado mzima baada ya miaka yote hii. Mwanamke mzima, nina watoto, nina duka na friji la soda, nimesimama barabarani namwonea wivu msichana wa darasa la nne anayeitwa Somoe.

Tulisoma Matambarale, kijijini kwetu huko Ruangwa, mimi na Somoe, dawati moja. Wenzangu wa rika langu mnalikumbuka darasa lenyewe lilivyokuwa: sakafu yenye mashimo, madirisha yasiyo na shata, na juu ya ubao, kwenye ukuta wa mbele, picha ya Rais ndani ya fremu ya kioo. Pembeni yake alikuwepo Baba wa Taifa, amefifia kwa jua hadi shati lake limeanza kufanana na ukuta. Hao hatukuwaonea wivu. Walikuwa wa serikali, na cha serikali hakina mwenyewe.

Ila mwaka ule ikaongezeka picha ya tatu. Baba yake Somoe alikuwa diwani wetu, na alikuwa ameleta madawati mapya shuleni. Pamoja na madawati akaleta kalenda za chama chake, kubwa, za kung'aa, yeye mwenyewe katikati. Mwalimu Mkuu akapanda juu ya stuli, akapigilia msumari kwa mkono wake, akaitundika moja chini kidogo ya Rais. Kisha akashuka, akarudi nyuma hatua chache, akaikagua kama fundi aliyemaliza mlango. Tukaambiwa tupige makofi, tukapiga.

Kwenye ile kalenda, Baba Somoe alikuwa amesimama bega kwa bega na Rais. Sisi tungejuaje kwamba huko Dar es Salaam kuna watu wanaokata picha ya huyu na kuiunganisha na ya yule? Tuliamini kwamba Rais alifika Nachingwea, kwamba walisimama pamoja, wakala pilau sahani moja. Somoe hakukanusha. Watoto walimzunguka wakati wa mapumziko, mmoja akamuuliza Rais ananukiaje.

"Sabuni," Somoe akajibu bila kupepesa macho. "Ile ya kunukia."

Basi mimi roho ikaniuma. Iliniuma kweli, siyo mchezo. Somoe akiulizwa swali na mwalimu, kabla hajajibu aliinua kidevu kumtazama baba yake ukutani, halafu ndiyo anajibu, na hata akikosea mwalimu alisema "umejitahidi". Fimbo ikifika kwenye dawati letu ilikuwa inashuka upande wangu tu. Nikimwangalia Somoe naona mtoto mwenye baba wawili, wa nyumbani na wa shuleni. Mimi nilikuwa na mmoja, tena yuko shambani na shati lenye utomvu wa korosho.

Na niseme alivyokuwa baba yangu, maana wakati ule sikujua kwamba nina kitu. Alikuwa mkulima wa korosho na ufuta. Jioni alichoma korosho kwenye kipande cha bati alichokitoboa matundu kwa msumari, ananisimamisha upande ambao moshi hauendi, kwa sababu mafuta yake yakiruka yanachubua ngozi. Kisha anazigonga kwa jiwe taratibu, na ya kwanza kutoka nzima, bila kupasuka, ilikuwa yangu. Siku za gulio tulikwenda Mbekenyera kwa baiskeli, mimi nimekaa kwenye keria nimemshika kiunoni, na njia nzima ananitania kwamba ataniuza huko anunue mbuzi, maana mbuzi hali sana.

Siku moja tunateka maji bombani, Somoe akaniuliza, "Hivi, baba yako jana alilala nyumbani?"

"Alilala," nikamjibu.

"Na leo?"

"Atalala."

"Kila siku?"

Nikanuna. Niliona ananitukana: baba asiye na kikao Ruangwa, asiye na mgeni wa kumpokea, asiyeitwa popote, atalala wapi kama siyo kwake? Nilifika nyumbani nalia, nikamsimulia mama. Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakucheka wala hakukasirika.

"Mwache mtoto wa watu," akasema tu, akaendelea na ungo wake.

Kwa hiyo watu wa chama kile kingine walipokuja kukaa kwenye mkeka wetu, wakamwambia baba kwamba ana mdomo, kwamba kwenye mikutano ya korosho akisimama yeye hata viongozi wanatafuta miwani, na kwamba wanataka agombee udiwani, hakuna aliyefurahi kunishinda mimi. Bibi, mama yake baba, ambaye Kiswahili alikijulia ukubwani na Kimwera hakikumtoka ulimini, akauliza swali moja tu.

"Sasa ufuta atapalilia nani? Ntoto huyu?" Akaninyooshea kidole.

Watu wakacheka, na baba akacheka pia, na jambo likapita.

Uadui ukaanza kwenye kinu. Nyumba yetu na ya kina Somoe zilitenganishwa na uzio wa mianzi, na tangu sijazaliwa kinu kilikuwa chao na mchi ulikuwa wetu. Mama na Mama Somoe walitwanga kwa zamu, au pamoja, wakipokezana umbea. Baba alipochukua fomu, kesho yake Mama Somoe akaja kuchukua kinu chake, amejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda kupigana.

"Shoga, na mchi?" mama akamuuliza.

"Mchi wenu kaeni nao."

Basi wao wakabaki na kinu bila mchi, sisi na mchi bila kinu, na nyumba zote mbili zikala unga wa mashine mpaka uchaguzi ulipokwisha. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Watu waliulizana chama kabla ya kuuziana chumvi, na msiba wa upande huu, watu wa upande ule waliupita mbali.

Mimi hayo hayakunishughulisha. Mimi nilikuwa na shida na ukuta. Nilishakata shauri kichwani mwangu kwamba baba akitundikwa darasani nitakuwa naye asubuhi nikiwa shuleni, na nitakuwa naye jioni kwenye bati la korosho. Ataongezeka. Kwamba baba wa nyumbani anaweza kupungua ili wa ukutani apatikane, hilo halikunijia kabisa.

Alipokwenda Nachingwea kupiga picha ya kampeni nililia mpaka akanichukua. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, na mpiga picha alikuwa mtu wa haraka haraka.

"Mheshimiwa mtarajiwa, koti hilo hapo," akasema, akionyesha msumari nyuma ya mlango.

Lilikuwa koti jeusi, kubwa, na tai yake ilishafungwa tayari, inavutwa kwa mpira shingoni. Baba akalivaa. Likamning'inia mabegani. Mimi nikalitazama, nikatazama tena. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Mfuko ule nilikuwa nauangalia kila siku kwenye kalenda ya Baba Somoe. Nikajua hili ndilo koti la ukutani. Nilidhani serikali imeliweka pale makusudi, na anayelivaa hutundikwa. Nilimshika baba mkono wakati wa kurudi, na sikuuachia mpaka tunafika.

Picha zilipokuja, mama akachemsha gundi ya muhogo kwenye sufuria letu la ugali, tukabandika kijiji kizima. Baba alikuwa amesimama bega kwa bega na mgombea urais wa chama chake, amevaa lile koti. Kesho yake darasani Somoe alinisubiri nikae.

"Baba yako kaazima koti la baba yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na madawati ya nyuma.

"Siyo la baba yako! La studio!"

"La baba yangu. Uzi ule kashona mama."

Tukashikana nywele. Darasa likagawanyika hapo hapo, wa chama hiki upande wake na wa chama kile upande wangu, watoto ambao hawajui hata kufuta kamasi, wanaimba nyimbo za vyama na kugonga madawati. Fimbo ilipoingia ilijua njia yake, ikaja kwangu.

Mchana nilichukua picha moja ya baba, nikaikunja vizuri, nikaenda nayo kwa Mwalimu Mkuu. Nikamwambia shikamoo, nikamwambia naomba itundikwe darasani. Aliitazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuangalia upepo.

"Binti, ukutani wanakaa walio madarakani," akasema. "Ukuta hauna chama. Baba yako akishinda, msumari upo."

Nikatoka pale nimeshika ahadi. Wengine walikuwa wanagombea kata. Mimi nilikuwa nagombea msumari.

Na baba akashinda. Habari zilifika asubuhi kwa bodaboda aliyekuwa anapiga honi kutoka barabarani, na watu wakambeba baba juu juu, mama akarusha khanga hewani, bibi akaenda zake shambani na jembe. Siku shule ilipofunguliwa, Mwalimu Mkuu alipanda juu ya stuli ileile. Akaitoa kalenda ya Baba Somoe, akaikunja, akamkabidhi Somoe aende nayo nyumbani. Akamtundika baba yangu. Tukaambiwa tupige makofi.

Niliinua kidevu. Niliulizwa swali la hesabu, nikamtazama baba ukutani, nikajibu nikakosea, na mwalimu akasema nimejitahidi. Fimbo ikahamia upande wa pili wa dawati. Nilifurahi, kwa nini niseme sikufurahi? Nilifurahi wiki nzima, labda na ile iliyofuata.

Kisha nikaanza kuona nyumba ina nafasi. Baba alikuwa na vikao Ruangwa. Baba alikuwa na misiba ya kata nzima, maana diwani asipoonekana msibani haambiwi amechoka, anaambiwa anaringa. Wageni walikuja alfajiri na shida zao wakamkuta anavaa viatu, wakamfuata nyuma mpaka barabarani. Kwenye keria ya baiskeli alikuwa anakaa mwenyekiti wa tawi. Lile bati la korosho likapata kutu, mama akalifunikia kisima cha kuku, yaani lile shimo dogo tulilowawekea maji. Ufuta nilipalilia mimi, kama bibi alivyosema. Zikapita siku ambazo nilimwona baba darasani tu, ananitazama kwa macho ya karatasi, na koti lile la watu.

Upande wa pili wa uzio wa mianzi mambo yalikuwa mengine. Baba Somoe, aliyeshindwa, siku za mwanzo hakutoka ndani kwa aibu. Halafu akatoka. Akaanza kukarabati uzio, akapanda mihogo, akamfundisha Somoe kuendesha baiskeli pale uwanjani kwao. Mimi nilikuwa nafagia huku na wao wanacheka kule. Nasikia baiskeli inaanguka, nasikia Baba Somoe anasema, "Nyanyuka, mama, bado hujavunjika," nasikia Somoe anacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho siku zote za kalenda. Nilifagia sehemu moja mpaka udongo ukachimbika.

Asubuhi moja bombani nikamuuliza, na sikupanga kumuuliza, lilinitoka lenyewe.

"Baba yako jana alilala nyumbani?"

Somoe alikuwa ameinama anafunga ndoo. Akasimama wima, akanitazama usoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumbe siku ile hakuwa ananitukana. Alikuwa anauliza.

"Alilala," akasema. Akajitwika ndoo yake akaondoka, na hakuniringia, na hilo likanichoma zaidi ya kuringiwa.

Tulipofika darasa la saba, mgeni rasmi wa mahafali yetu alikuwa Mheshimiwa Diwani. Shule nzima ilinipongeza. Palifungwa turubai, meza kuu ikawekewa kitambaa, maua ya plastiki na maji ya chupa, na baba akakaa katikati, kati ya Mwalimu Mkuu na mratibu elimu. Mama alikuwa jikoni nyuma ya madarasa anasimamia pilau ya wageni, kwa sababu mke wa mheshimiwa hawezi kukaa tu kama mzazi. Bibi alikuwa mgonjwa. Sisi wahitimu tulipangwa mstari, mashati meupe, tuitwe mmoja mmoja kupokea vyeti.

Kwa kila mtoto baba alisimama nusu, akatoa mkono, akasema, "Hongera, ukajenge taifa." Mtoto akageuzwa kuelekea kamera, picha ikapigwa, anayefuata. Nilikuwa nasogea kwenye mstari nikijiuliza mimi ataniambia nini. Nilishaandaa na la kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba lile bati bado lipo, kutu inatoka kwa mchanga.

Nikafika. Baba akatoa mkono.

"Hongera, ukajenge taifa," akasema, na macho yake yalishatangulia kwenye kamera.

Nikashuka na cheti changu. Muziki ukafunguliwa, na wazazi wakaruhusiwa kuja kuwatunza watoto wao. Mnajua inavyokuwa: vigelegele, mashada ya makaratasi ya kung'aa shingoni, biskuti, wengine wanatandika khanga chini mtoto apite juu yake. Wenzangu walifunikwa mpaka hawaonekani. Mimi nilisimama peke yangu nimeshika cheti, natabasamu kama mtu aliyechelewa gari na hataki watu wajue. Nani angekuja kumtunza mtoto wa mgeni rasmi? Kila mtu alijua mtoto wa mgeni rasmi ana wa kwake.

Baba Somoe alikuja anacheza, vibaya, anarusha mabega nje ya ngoma. Mkononi alikuwa na doti ya khanga mpya ambayo ilikuwa haijakatwa, vipande vyote viwili bado vimeshikana. Ilikuwa ya chama chake, iliyobaki kutoka kwenye kampeni aliyoshindwa, maana mpya nyingine hawakuwa nayo. Akainyanyua amfunike Somoe. Ndipo akaniona.

Akaacha kucheza. Akatazama upande wangu, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, na hakukuwa na mtu.

"Na huyu je?" akamwambia mkewe. "Huyu naye si kakulia kwenye kinu chetu?"

Baba Somoe akauma ile doti kwa meno pale katikati, akaichana, ikalia mpasuko ambao niliusikia juu ya muziki. Nusu akamvika Somoe. Nusu akanizungushia mimi mabegani, akanikaza mbele kwa mikono yake miwili, akanipiga kofi dogo la shavu.

"Hongera, mama. Umesoma."

Sikutaka kulia mbele ya Somoe, lakini kwa muda ule mfupi nilitamani uzio wa mianzi ungekosewa tangu mwanzo, mimi nikazaliwa upande wa pili. Watu walianza kunong'ona. Wengine wakapiga vigelegele vya kejeli. "Mtoto wa diwani kavishwa!" mmoja akapaza sauti. "Kahama chama!"

Nikainua macho kwenye meza kuu. Mwalimu Mkuu alikuwa anamnong'oneza baba sikioni, na baba hamsikii. Alikuwa ananitazama mimi. Alimtazama Baba Somoe, akarudi kwangu, na uso wake ukabadilika, na mimi uso ule niliutambua papo hapo, kwa sababu nilishaishi nao kwa miaka. Baba yangu alikuwa anaona wivu.

Akainuka. Mshereheshaji akadhani mheshimiwa ana la kusema, akamkimbilia na kipaza sauti, muziki ukazimwa. Uwanja mzima ukageukia meza kuu ukisubiri hotuba. Mama alikuwa ametokea kwenye kona ya darasa na mwiko mkononi, ananipa ishara nivue hiyo khanga, nivue haraka. Baba akakishika kile kipaza sauti. Halafu akaliita jina langu la nyumbani, lile alilokuwa ananiita tukiwa wawili tu, ambalo hata Somoe hakuwahi kulijua na hapa silitaji. Likatoka kwenye spika zote mbili.

Nilimsikia vizuri. Lakini nilitaka aite tena, na watu wote wasikie, kwa hiyo nikaivuta khanga mpaka shingoni, nikabaki nimesimama pale pale.